Mambo ya kuzingatia kabla ya kaunti ya Texas kuomba mahakama yake ibadilishwe

Kwanza muelewane ni mahakama ipi. Kila moja ya kaunti 254 za Texas ina mahakama ya kaunti iliyowekwa na katiba ya jimbo. Jaji wake si lazima awe mwanasheria, na ndiye pia anayeongoza baraza la makamishna, chombo kinachoendesha kaunti. Nyingine ni ile iliyoundwa na Bunge la jimbo kwa sheria, yenye jaji mwanasheria, na hiyo ndiyo ninayoizungumzia hapa. Masharti yake yamo katika sura ya 25 ya Kanuni za Serikali (Government Code) za Texas, ya jumla na ya kaunti mojamoja. Yakigongana, ya kaunti ndiyo yanayofuatwa, kwa hiyo anzeni kusoma kifungu chenu.

Kwa masharti ya jumla, tangu Septemba 2020 kesi za madai huishia dola 250,000. Mkitaka kuvuka hapo, pimeni ukumbi wenu: kesi ya kiasi hicho au zaidi hudai jopo la wananchi 12 wa kuiamua, si 6 waliozoeleka. Mkiongeza talaka na malezi ya watoto, waulizeni makarani wote wawili mapema, wa kaunti na wa mahakama ya wilaya (mahakama ya jimbo yenye mamlaka mapana ya kesi za mwanzo), nani atashika mafaili.

Mshahara ndio huleta maneno. Msingi wa mshahara wa jaji wa mahakama ya wilaya ulipandishwa Septemba 2025 kutoka dola 140,000 hadi 175,000, na mshahara wa jaji wa mahakama hii iliyoundwa kwa sheria umefungamanishwa na huo. Jimbo huchangia sehemu. Inayobaki hutoka hazina ya kaunti, yaani kodi za wakazi. Makamishna waione hesabu hiyo kabla ya muswada wa mabadiliko kupelekwa Bungeni, si baada yake. Nami ningesisitiza jaji akatazwe katika muswada huohuo kufanya uwakili wa binafsi. Mwenye kesi anastahili jaji asiye na wateja wake pembeni.

Bunge hukutana Austin kwa siku 140 tu, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari ya miaka isiyogawanyika kwa mbili. Mkikosa 2027, kikao cha kawaida kinachofuata ni 2029.

Mwisho, muswada utaje kesi zilizokwisha funguliwa zitamalizwa wapi, ili mjane ambaye shauri lake la mirathi limefika katikati asiambiwe aanze upya kwenye ukumbi mwingine.