Jinsi ya kuomba sosi kodi ya ruta, king'amuzi au simu yako kutoka kwa kampuni iliyoitengeneza

Wakuu wa Tanga, kama una ruta imekaa tu kabatini au TV boksi iliyoacha kupata apdeti, soma hii mpaka mwisho maana una haki yako humo na hujawahi kuidai, yani sosi kodi, yale maandishi ya programu ambayo fundi anaweza kuyasoma na kuyabadilisha. Ruta nyingi, ving'amuzi, TV za kisasa na simu zote za Android ndani yake kuna Linux (programu ya msingi inayoendesha kifaa), na Linux ina leseni ya programu huria iitwayo GPL, toleo la 2 ya mwaka 1991, inasema anayesambaza kifaa chenye programu hiyo lazima aambatanishe sosi kodi au atoe ahadi ya maandishi kwamba atakayeiomba atapewa. Sio hisani, ni sharti la leseni. Ruta ya Linksys WRT54G watu waliidai sosi kodi yake mwaka 2003 mpaka ikatolewa, na humo ndo ikazaliwa OpenWrt, programu mbadala ya ruta ambayo leo mafundi wanafufulia ruta za kampuni chungu nzima.

Anza kwa kuhakikisha. Kwenye simu ingia Mipangilio, Kuhusu simu, alafu tafuta maelezo ya kisheria au leseni. Ruta na king'amuzi angalia kurasa za mwisho za kile kijitabu ambacho wengi wetu tunakitupa na boksi lake. Ukiona Linux, au BusyBox na U-Boot (programu ndogo zinazokaa pamoja na Linux ndani ya kifaa), zote hizo zina GPL. Piga skrinishoti uitunze.

Hatua inayofuata ndo watu wanaiharibu, yani namba. Andika modeli kamili kama ilivyo kwenye lebo ya chini, toleo la hadiwea kama lipo (ile v1, v2), na toleo la femuwea (programu iliyomo ndani ya kifaa) linaloonekana ukishaingia kwenye seting, usiruke hata moja, kwa sababu ruta mbili za jina moja na sura moja unaweza kukuta chipu ni tofauti kabisa, muulize fundi yeyote pale Ngamiani, na kodi ya toleo lingine haikusaidii kitu.

Kabla hujaandika pitia tovuti ya kampuni, wakubwa kama Samsung wana ukurasa wao wa kushusha sosi kodi hizi bure. Kama haipo, tuma imeili kwenye anwani iliyo kwenye ile ahadi, na ikibidi iandike kwa Kiingereza, ila maneno yawe haya:

"Nina kifaa chenu modeli fulani, hadiwea fulani, femuwea toleo fulani. Ndani yake mna Linux na BusyBox zenye leseni ya GPL toleo la 2. Naomba sosi kodi kamili ya toleo hilo hilo, pamoja na skripti za kuijenga na kuisakinisha."

Hayo ya skripti, yani maelekezo ya kompyuta ya kugeuza sosi kodi kuwa programu inayofanya kazi, usiyaache. Leseni yenyewe inazitaja, na bila hizo unapewa lundo la mafaili ambalo halijengeki. Weka na S.L.P. yako, wengine wanatuma kwenye diski, na wanaruhusiwa kukutoza gharama ya kutuma tu, sio bei ya programu. Risiti hawana haki ya kukudai, ahadi ile ni kwa mtu yeyote hata kama kifaa umekinunua mtumba. Sema usichelewe, ahadi ya GPL 2 inalazimika kudumu miaka 3 tu.

Usitegemee wakupe kila kitu lakini. App walizoandika wenyewe hazimo, na sehemu kubwa ya Android iliyo juu ya Linux ina leseni nyingine, ya Apache, ambayo haiwalazimishi kutoa sosi kodi.

Ikija, mpe kijana anayejua Linux aijaribu kuijenga. Ikigoma au kuna vipande vimekosekana, rudi kwenye imeili ile ile utaje faili gani haipo. Wakikaa kimya kumbushia kwa adabu kwenye uzi ule ule ili tarehe zote zionekane, matusi hayasaidii, na wakiendelea kunyamaza peleka hizo imeili na skrinishoti kwa Software Freedom Conservancy, shirika la Marekani linalotetea programu huria, wanapokea malalamiko ya namna hii, na Oktoba 2021 waliishtaki kampuni ya TV ya Vizio huko California wakidai sosi kodi ya TV zake, wakiwa kama wanunuzi wa kawaida tu.