Unataka kuwa Mkatoliki na huna hata wa kumuuliza? Anza hivi

Mimi nimekaa miaka 12 nasema Mungu hayupo, chanzo ni nyumbani, mzee mchana anasali usiku anatupiga, kwa hiyo hofu yako naielewa.

Kwanza nenda misa tu, kaa benchi la nyuma, komunyo usipange foleni bado. Ukizoea muone katekista (mwalimu wa dini) au paroko (padri anayeongoza parokia) umwambie ukweli wote. Watauliza kama ulishabatizwa, maana kama ulibatizwa kwa maji kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, hata kwa Walutheri, hawakubatizi tena, tafuta cheti. Kama bado hujabatizwa, unaingia ukatekumeni, yaani mafunzo ya kujiandaa na ubatizo, mara nyingi mwaka au zaidi inategemea parokia, halafu Mkesha wa Pasaka unapata ubatizo, kipaimara (kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu) na komunyo usiku huohuo. Kama unaishi na mtu sema mapema, mambo ya ndoa huwa yanachelewesha.

Sasa kwangu kigumu kilikuwa Baba Yetu. Lile neno "Baba" lilinikaba koo kabisa, miezi kibao nikawa naanzia "uliye mbinguni", katekista aliona akaniacha, na mpaka leo namshukuru. Usijilazimishe. Vidonda vikiwa vizito tafuta na mshauri nasaha, maana kitubio, yaani kuungama kwa padri, ni cha dhambi zako wewe, sio ulizofanyiwa na mtu mzima ukiwa mtoto, hizo usizibebe kama zako.

Usiku wa mkesha beba nguo ya kubadilisha na sweta, maji wanamwaga kweli.