Kuzuia Uchafu Usiwafikie Samaki wa Lamu

Mitaro ya Mji wa Kale wa Lamu huteremka hadi baharini, kwa hivyo anayemwaga kitu uani katika mtaa wa Mkomani hana budi kujua kwamba amekimwaga gatini.

Anzia jikoni. Mafuta yaliyokwisha kukaangia viazi karai yaache yapoe, kisha uyachanganye na majivu mpaka yashikane, ndipo uyatupe pamoja na taka ngumu. Sabuni ya unga ipime kwa kijiko, maana povu jingi si usafi, na ukiipata isiyo na fosfeti ichague hiyo: fosfeti hurutubisha mwani, nao mwani ukifa na kuoza humaliza oksijeni ambayo samaki huivuta majini.

Jambo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni oili ya mashine za boti. Unapoibadilisha, ikinge kwa dumu lililokatwa ubavu, uimimine katika chupa yenye kifuniko na kuipeleka kwa fundi anayekusanya oili chafu. Kabla ya kumwaga maji ya ngama, yaani yanayokusanyika chini ndani ya boti, yatazame juani. Yakionyesha utando wenye rangi za upinde wa mvua, tumbukiza matambara makavu yanywe mafuta hayo kwanza. Usiyatawanye kwa sabuni, kwani utando huondoka machoni tu, huku mafuta yakichanganyika na maji na kuwadhuru samaki wachanga wanaokulia kwenye mikoko.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini nyavu kuukuu bado hutupwa, zirudishe pwani.