Kabla hujaifungua hiyo "ankara"

Jana mama mmoja muuza vitenge alikuja steshenari kwetu hapa Ngamiani, anataka tumprintie "ankara ya mzigo bandarini" iliyoingia kwenye barua pepe yake. Mzigo wenyewe hana. Nikamwambia, subiri kwanza mama.

Faili la namna hiyo lipakue tu, usilibofye. Kisha soma jina lake mpaka herufi ya mwisho. Lake lilikuwa ankara.pdf.exe, na hiyo si PDF, ni programu. Shida ni kwamba Windows huficha hizo herufi za mwisho usipoiambia izionyeshe (fungua folda, nenda View, kwenye Windows 11 pitia pia Show, weka tiki kwenye File name extensions). Mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilinasa watu hivyo hivyo: faili liliishia .TXT.vbs (vbs nayo ni programu), wengi wakaona TXT tu.

Halafu lipandishe kwenye virustotal.com, lipimwe na makumi ya antivairasi kwa mpigo, bure. Ila angalia: unachopandisha huko kinaweza kuonwa na wengine, kwa hiyo mkataba au kitambulisho cha mtu usiweke. Na majibu yakija safi usishangilie mapema, kirusi kipya huenda bado hakijulikani. Rudia kesho.

Word ikikuomba ubonyeze Enable Content (yaani uruhusu programu ndogo zilizo ndani ya faili zianze kazi), kataa. Mpigie aliyetuma kwa namba uliyonayo wewe, si ile iliyoandikwa kwenye barua.

Mama alipiga. Aliyepokea hakuwa ametuma kitu.