Insha ya chuo: hoja sita za fomu siksi hazitoshi, jifunze kurekebisha drafti

Wadogo zangu mlioingia chuo mwaka huu, najua wengi wenu asaimenti ya kwanza ya insha imeshatoka na mtu anaiangalia tu kwenye simu hajui aanzie wapi, kwaiyo naandika hapa kile nilichojifunza kwa kukosea. Insha yangu ya kwanza ya masomo ya maendeleo nilipata 9 kwa 20, na mwalimu akaandika kwa penseli pembeni maneno matatu tu, "Hoja iko wapi?" Iliniuma sana maana nilikuwa nimeweka hoja sita kamili.

Na shida inaanzia hapohapo. Fomu siksi tulifundishwa utangulizi, hoja sita, hitimisho, kila hoja na aya yake na mfano wake, na kwenye mtihani wa NECTA ule mtindo ulitubeba. Chuo wakisema hoja wanamaanisha kitu kingine kabisa: ni msimamo mmoja ambao mtu mwenye akili zake anaweza kuukataa, afu insha nzima kazi yake ni kumshawishi huyo mtu.

Tuchukue swali ambalo lazima utakutana nalo kwa namna moja au nyingine: jadili utekelezaji wa ujamaa vijijini Tanzania (ile sera ya Nyerere ya watu kuishi na kufanya kazi pamoja vijijini). Wengi wataanza na "Ujamaa vijijini ulikuwa na faida na hasara zake." Sawa, ila nani atabisha? Hakuna, na kama hakuna wa kubisha basi hujasema kitu bado. Sasa panga matukio kwa miaka yake. Azimio la Arusha ni Februari 1967, Septemba mwaka huohuo Nyerere akatoa andiko lake la ujamaa vijijini akisisitiza kwamba watu wajiunge kwa hiari yao, halafu Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri na kazi iwe imekamilika ifikapo 1976, ndipo operesheni za kuhamisha watu zikashika kasi, na 1975 ikatungwa sheria ya vijiji. Ukiyaweka hivyo mezani kuna kitu kinaonekana chenyewe, yaani 1967 ilikuwa hiari na 1973 ikawa amri. Hapo unaweza kuandika: "Kilichokwamisha ujamaa vijijini si wazo lenyewe, ni serikali kuiacha hiari ya 1967 na kushika amri ya 1973." Mtu atakubishia, atakwambia mbona kulikuwa na ukame 1973 na 1974, mbona bei ya mafuta ilipanda dunia nzima kipindi hichohicho? Vizuri sana, huyo mbishi mkaribishe ndani ya insha yako umjibu, usimfiche. Kwa nilivyoona mimi walimu wanatoa maksi nyingi sehemu hiyo kuliko sehemu nyingine yoyote.

Jambo lingine ambalo hatuambiwi. Insha zetu nyingi tunaandika kwa Kiingereza, kwaiyo ukifeli unadhani tatizo ni lugha. Mara nyingi sio lugha. Mweleze rumu meti wako msimamo wako kwa Kiswahili, sentensi mbili tu, kama unavyoongea naye kila siku. Ukishindwa au yeye akikuuliza "kwaiyo unataka kusema nini?" ujue bado hujaupata, na Kiingereza kizuri kiasi gani hakitakuokoa.

Kwenye kusoma sitakaa sana. Kila noti unayoandika weka hapohapo jina la mwandishi, mwaka na ukurasa, na maneno yake halisi yafungie kwenye alama za kunukuu, maana baada ya wiki mbili hutakumbuka yapi yake yapi yako. Ukitaka kueleza wazo la mtu kwa maneno yako, funga kitabu kwanza, andika, ndo ufungue ulinganishe. Kubadilisha neno mojamoja huku sentensi ni ileile bado ni wizi wa maandishi. Na hata ukiandika kwa maneno yako mwenyewe bado unamtaja mwenye wazo. Hizi programu za AI nazo muwe nazo makini, zinaweza kukupa rejea ya kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, kwaiyo chanzo ambacho hujakifungua kwa macho yako usikiweke.

Drafti ya kwanza andika harakaharaka hata kama ni mbaya, usirudi nyuma, utangulizi ruka utauandika mwisho ukishajua umesema nini. Halafu iache ilale. Ukiweza siku mbili, ukishindwa hata usiku mmoja.

Sasa kurekebisha, na hapa ndo naomba mtulie maana wengi tunadhani kurekebisha ni kutafuta spelingi. Spelingi ni ya mwisho kabisa, utakuwa unasafisha aya ambayo kesho unaifuta yote. Chukua karatasi tupu, soma drafti yako aya kwa aya, na kwa kila aya andika sentensi moja: hii aya inafanya kazi gani kwa msimamo wangu? Mimi nilipofanya hivi mara ya kwanza nilikuta aya tatu zinasema kitu kimoja, na aya moja ndefu ya historia ya ukoloni haina kazi yoyote, nilikuwa naipenda sana ile aya lakini niliitoa. Kisha soma ile karatasi peke yake toka juu mpaka chini, kama mtiririko unaruka hapo ndipo insha inaporuka.

Baada ya hapo ingia ndani ya aya yenyewe. Angalia hii niliyoandika zamani: "Katika miaka ya 1970 watu walihamishwa kwenda vijijini. Vijiji vilikuwa na shule na zahanati. Pia kulikuwa na ukame. Kwa hiyo uzalishaji ulishuka." Sentensi zote ziko sawa ila hazishikani, hiyo "kwa hiyo" haijulikani imetoka wapi, kwenye ukame au kwenye kuhamishwa? Na shule zimeingia hapo kufanya nini? Nikairudia hivi: "Ukame wa 1973 na 1974 ulipunguza mavuno, hilo halina ubishi. Lakini mkulima aliyehamishwa mbali na shamba alilolizoea alikuwa na uwezo mdogo zaidi wa kuukabili. Amri haikuleta ukame, iliongeza makali yake." Umeona, mbishi amejibiwa, msimamo umesogea mbele, shule na zahanati zimeenda kwenye aya nyingine zinakohusika. Ile sentensi ya katikati ndiyo inayobeba mzigo kwaiyo lazima iwe na chanzo, ukikosa chanzo unaipunguza makali au unaiondoa.

Ukienda kwa mwalimu usimuulize "naomba uniangalizie insha yangu", nenda na swali moja, kwa mfano "mwalimu, aya ya nne inatosha kuwajibu wanaosema ni ukame?" Wengi wakiona umejiandaa wanakaa na wewe vizuri kabisa, hata wale tunaowaogopa.

Mwisho kabisa isome kwa sauti, sio kimoyomoyo, ukikosa pumzi katikati ya sentensi ikate hapohapo. Afu chukua kalamu, kila jina la mwandishi uliyemnukuu ndani ya insha weka tiki kwenye orodha ya rejea kule nyuma, na la kwenye orodha ambalo halipo ndani lifute. Ukimaliza peleka steshenari siku moja kabla ya dedlaini, maana siku yenyewe foleni inafika mpaka nje.