Usikimbilie kukabidhi kitu cha misheni

Kwa nyie mnaocheza Elden Ring kwenye vibanda vya gemu hapa Dodoma, kuanzia Majengo mpaka Nkuhungu: ukipewa kitu cha misheni ya pembeni, tulia nacho kwanza. Gemu hii haina orodha ya kukukumbusha nani kakutuma nini, na inajisevu yenyewe kila mara. Ukishakabidhi, imetoka hiyo.

Chukulia ile dawa ya Seluvis, mchawi mmoja ndani ya gemu. Anakutuma umnyweshe Nepheli, mwanamke mpiganaji. Ukimtii, Nepheli anaishia kuwa kikaragosi na misheni yake ndiyo basi tena, jambo linaloniuma kweli, maana ni mmoja wa wahusika wazuri mno. Mpelekee Gideon, baba mlezi wa Nepheli, badala yake: ataichukua aitupe, na Seluvis ataendelea kuongea na wewe kama kawaida.

Kwa hiyo fungua begi, soma maelezo yote ya kitu, siyo jina tu. Kisha piga picha skrini kwa simu na uandike aliyekupa na mahali alipo. Na kama mashine mnachangia, tumia mhusika wako mwenyewe, asije mwenzako akakabidhi kitu chako wewe ukiwa umeenda kula chipsi.