Kuacha Pombe Bila Kujihatarisha

Kabla ya kumwaga chupa ya mwisho, jichunguze unavyoamka. Mtu ambaye mikono humtetemeka asubuhi hata akalazimika kushika kikombe cha chai kwa viganja viwili, na ambaye hapati nafuu mpaka azimue, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe ya kila siku huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 24 za mwanzo. Degedege huweza kumpata mtu katika siku 2 za kwanza, na kuchanganyikiwa akili huja zaidi kati ya siku ya 2 na ya 4.

Hili nilijifunza kwa aibu. Nikiwa daktari mchanga nilimwambia mzee mmoja, "Acha tu, mzee wangu, ni suala la nia." Akaacha kweli, kwa utii. Siku ya tatu kijana wake alimleta akiwa anaokota kwenye shuka wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona.

Kwa hiyo anzia kwa daktari, na utaje kiasi unachokunywa bila kupunguza, iwe bia, mvinyo, pombe ya mtama au gongo, kwa sababu dozi yako itategemea ukweli huo. Anayehitaji hupewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo upungufu wake huharibu kumbukumbu za wanywaji wa muda mrefu. Wenye hali nzito hulazwa. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na kutibiwa pale hakumfanyi mtu kuwa chizi, hata kama mtaani bado wananong'ona.

Mwili ukishatulia, kazi kubwa inabaki jioni. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, nimewaona watumishi wengi wanaoishi peke yao kwenye vyumba vya kupanga huku wenzi na watoto wakiwa Dar es Salaam, na msongo wao hauwazidi ofisini bali saa 12 jioni, mlango unapofunguliwa na ndani hakuna wa kuuliza habari za kazi. Hamu ya pombe ni kama kisulisuli cha vumbi cha kiangazi: huzunguka kwa fujo, na mara nyingi hupita ndani ya nusu saa. Ipangie nusu hiyo. Kula kabla ya kutoka kazini, kwa kuwa njaa huikoleza hamu. Badili njia usipite penye meza yako ya zamani. Piga simu nyumbani saa ileile kila siku. Mshahara ukiingia, tuma ya nyumbani siku hiyohiyo.

Ukiteleza usiku mmoja, mweleze daktari wako kesho yake, usingoje Jumatatu. Kama umekunywa siku kadhaa mfululizo, usiache ghafla mwenyewe tena: hesabu ya zile saa 24 imeanza upya.